Majani ya Kaskazi Yasiende Motoni

Anayefagia chini ya mkungu wake kila alfajiri, akakusanya biwi na kulitia kiberiti, anachoma kitu ambacho kisiwa chake hakina cha kutosha, nacho ni udongo. Nasema hivi bila kuuvunjia heshima ufagio wa njukuti. Uwanja safi ni adabu ya nyumba, na mama zetu wa Koyama, Ngumi, Chovai na Chula hawakungoja makala ndipo walijue hilo. Ugomvi wangu ni na moshi unaofuata.

Visiwa vya Wabajuni vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe ya kale. Piga jembe, na kabla hujafika mbali utasikia chuma kikilia juu ya jiwe. Udongo uliopo umejificha kwenye mifuko na nyufa za mwamba, na sehemu yake iliyo bora ni majani, mizizi na vinyesi vilivyooza mwaka baada ya mwaka, vikachanganyika na mchanga na unga wa chokaa. Hakuna mto wa kuleta tope jipya. Juba unaishia baharini Gobwen, kaskazini ya Kismayo, na neema yake wanabaki nayo wenzetu wa bondeni. Mvua nayo haijai: Kismayo haipati milimita 500 katika mwaka wa kawaida. Kwa nchi ya namna hii, jani lililoanguka ni mbolea iliyofika mlangoni bila nauli ya mashua.

Najua jibu nitakalopewa: jivu nalo ni mbolea. Ni mbolea, ndiyo, lakini kwa nchi zenye udongo mwekundu wenye uchachu, ambako wakulima huambiwa waongeze chokaa. Sisi chokaa tunayo mpaka ya kujengea. Kutia jivu kwenye udongo wa matumbawe ni kumpa chumvi aliyetoka kunywa maji ya bahari. Tazama mlimau au mpapai uliopandwa karibu na jaa la jivu: majani machanga yamekuwa manjano, mishipa yake imebaki kijani. Huo mti umekosa madini ya chuma, na mara nyingi chuma kimo humo humo udongoni ila chokaa imekifunga mizizi isikipate. Jani linapooza hutoa tindikali laini zinazosaidia kukifungua. Ukilichoma, tindikali hizo huzipati, na nitrojeni yote nzuri inapanda na moshi kwenda kukohoza mtoto wa jirani mwenye pumu.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni mwepesi: usichome. Wa pili ndio wenye kazi, maana majani si mamoja. La mvinje lina mambo yake, la mwarobaini mengine, na la mkoko halifai kuguswa kabisa.

Kwanza tukubaliane juu ya majira. Ndugu zetu walioko Uingereza na Uholanzi huona miti ikivuliwa nguo mnamo Oktoba na Novemba, mchana unapofupika na baridi kubisha hodi. Huku kwetu anayevua miti ni kiu. Kaskazi ikishika, kuanzia Desemba hadi Machi, jua kali na upepo mkavu hunyonya maji majanini haraka kuliko mizizi inavyoweza kuyaleta, na mti wenye akili hupunguza matumizi. Lakini hautupi ovyo. Kabla ya kuliachia jani, mti hurudisha shinani sehemu kubwa ya nitrojeni iliyokuwemo, ndipo kijani kinapotoka na manjano kubaki. Maana yake kwako mkulima ni kwamba jani la manjano lililoanguka lenyewe ni maskini kuliko jani bichi lililokatwa tawini. Litakupa mboji, litatunza unyevu, litalainisha udongo, ila chakula chenyewe cha mimea utalitafutia kwingine. Nitakuambia wapi. Ni mahali unapopita kila siku ukiziba pua.

Tuanze na mkungu, maana ndio mti wa baraza. Asili yake ni Asia na visiwa vya Pasifiki, lakini umekuwa mwenyeji wa pwani yetu vizazi vingi, na popo ni wapanzi wake wazuri, wakidondosha kokwa za kungu popote wanapolia chakula. Ndio mti unaojipamba kuliko yote kabla ya kuvua: jani hugeuka manjano, likaja rangi ya machungwa, likamalizia damu ya mzee. Okota moja. Lina urefu wa shubiri hivi, pana kule nchani na jembamba kwenye kikonyo, na ukilikunja lingali jekundu halivunjiki, linajikunjua. Ngozi hiyo ndiyo shida. Ukiyarundika majani hayo yakiwa mazima, mvua ikaja, yanalaliana bapa kwa bapa, maji yanateleza juu na hewa haipenyi chini. Utafunua rundo baada ya miezi miwili ukute tabaka la juu limekauka kau, la chini limekuwa jeusi na linanuka.

Dawa yake ni kuyavunja kwanza. Yatandaze kwenye njia ya kuingilia zizini, ukayaache wiki nzima. Kwato za mbuzi na nyayo za watoto zitayasaga bila ujira. Asiye na mbuzi ayakatekate kwa panga juu ya gogo, kazi ambayo mtoto wa miaka kumi ataililia aifanye. Yakishavunjika, changanya na majani madogo madogo ya mti mwingine na usiyatumie peke yake. Yana tanini nyingi, dawa ile ile inayotia rangi maji ya chai, na tanini huwafukuza vijidudu vinavyoozesha. Wafugaji wa samaki wa mapambo kule Thailand huyatia makusudi kwenye matangi yao majani makavu ya mkungu ili maji yawe ya kahawia na yenye uchachu kidogo, na majani hayo huuzwa kwa pesa. Wenzetu wanayauza, sisi tunayapiga kiberiti. Haya.

Tanini hiyo hiyo ndiyo inayonifanya niseme neno kuhusu paa na jabia. Familia inayoishi kwa maji ya mvua isipande mkungu mahali ambapo matawi yatafika juu ya paa au juu ya uwanja unaolisha jabia. Kama mti umeshakua na huna moyo wa kuukata (na kivuli chake kweli hakikatiki moyoni), basi mwishoni mwa Machi panda na ufagio ukasafishe paa, mifereji na uwanja wa jabia, na mvua ya kwanza ya masika uiache ipite iende zake bila kuingia ndani. Maji ya kahawia yenye harufu ya majani huenda yasikuue, lakini kinachooza ndani ya jabia hulisha viluwiluwi vya mbu, na mwanamke aliyepoteza asubuhi yake akichota maji ya chumvi kisimani hastahili kurudi nyumbani akute na ya jabia yameharibika.

Mwarobaini ni kinyume cha mkungu. Vijani vyake ni vyembamba, vinakauka upesi na kuoza upesi, na havilaliani. Ni vizuri kuvichanganya na vya mkungu kwa sehemu sawa. Matandazo ya mwarobaini huwapunguza baadhi ya wadudu, ingawa anayekuambia kwamba mchwa hawaugusi asiruhusiwe kukujengea nyumba. Kwa kuhifadhi kunde na mahindi, watu wengi hukosea jambo moja: huzoa majani ya manjano yaliyolala chini na kuyatia guniani. Yale yameshapungukiwa nguvu, na yamelala na vumbi na mayai ya wadudu. Kwa ghala chuma mabichi tawini, yaanike kivulini mpaka yavunjike kwa vidole, kisha panga safu ya nafaka na safu ya majani hadi juu. Nafaka yenyewe iwe imekauka sawasawa, la sivyo unafungia fukusi chumbani pamoja na chakula chake. Upepete vizuri kabla ya kupika, maana jani moja likisalia chunguni kila mtu mezani atalijua. Wala usiyamwage majani hayo kisimani au kwenye bwawa la samaki. Dawa yake huwadhuru viumbe wa majini.

Sasa mvinje, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu pwani yetu ina kisa cha mvinje ambacho kila mtu wa nchi ya mwamba angepaswa kukijua.

Chini ya mvinje mkubwa hakuna kitu. Unakanyaga godoro la nyuzi za kahawia, nene, linalonesa, na hata magugu hayathubutu. Wengi hudhani mti huo umelaaniwa. Ukweli ni kwamba nyuzi hizo zinaanguka nyingi na zinaoza polepole mno, hivyo mbegu ikidondoka juu yake haifiki udongoni. Kule Bamburi, Mombasa, kiwanda cha saruji kilichimba matumbawe mpaka pakabaki jangwa jeupe lenye maji ya chumvi chini yake. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo, Mswisi René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Zilizostahimili zilikuwa tatu tu: mvinje, mnazi, na damas, mti ambao asili yake ni Somalia. Mvinje ulishinda wote, kwa kuwa mizizi yake ina vifundo vyenye bakteria wanaochukua nitrojeni hewani, na hivyo haungoji udongo uulishe.

Lakini baada ya muda machimbo yakawa na miti na bado hayana udongo. Nyuzi zilirundikana tu. Aliyefungua njia ni jongoo, yule mkubwa mwenye miguu myekundu anayetembea njiani baada ya mvua na watoto wakamchokoza ajikunje. Ilionekana kwamba anakula nyuzi za mvinje, na kinyesi chake ni mboji. Jongoo wakaletwa kwa mamia, wakazaana, wakasaga lile godoro, na udongo mweusi ukaanza kupatikana juu ya mwamba mtupu. Leo ukitembelea Haller Park unatembea ndani ya msitu, wenye viboko na twiga, juu ya kile kilichokuwa sakafu ya machimbo.

Tunapenda kusema ukitupa jongoo tupa na mti wake. Kwa mkulima wa visiwani nasema asimtupe jongoo wala mti. Ukiwaona baada ya mvua, waokote kwa kijiti na uwapeleke chini ya mivinje, ukinyunyizia maji kidogo ili pasikauke. Nawa mikono baadaye, maana hutoa majimaji makali yanayochoma macho. Mahali palipo na mivinje ya kukinga upepo ufukweni, liache godoro pale pale. Ndilo linalozuia mchanga usipeperuke. Chukua kidogo tu la kutandaza kwenye vijia vya bustani, kazi ambayo nyuzi hizo zinaiweza kuliko majani mengine yote. Na moto uwe mbali sana nazo. Zinawaka kwa cheche moja, na kaskazi ikivuma hakuna wa kuuzima moto huo kabla haujafika kwenye makuti.

Miembe si mingi visiwani, lakini wenye mashamba upande wa Gobwen na kupanda mto watanielewa. Jani la mwembe ni gumu, basi liache chini ya mama yake liwe matandazo, lisiguse shina. Acha nafasi ya shubiri mbili ili mchwa na uozo visipande. Hatari ya chini ya mwembe haimo majanini. Imo kwenye maembe yaliyooza na kufunikwa na majani. Nzi wa matunda kutoka Asia alionekana mara ya kwanza Kenya mwaka 2003 na tangu hapo ameenea pwani na bara. Funza wake hutoka kwenye embe lililoanguka, huingia udongoni na kutoka nzi kamili. Embe bovu usilitie kwenye mboji. Lifunge kwenye mfuko mweusi wa plastiki, liweke juani siku kadhaa mpaka funza wafe, ndipo ulifukie.

Mkwaju nitaupita haraka. Wazee wana maneno mengi juu ya kulala chini yake, na sina haja ya kubishana nao. Vijani vyake ni vidogo hata ufagio huvikosa, na huingia udongoni vyenyewe. Visukume kwa reki mpaka ukingo wa kivuli, basi.

Chini ya mnazi, kuti ni mali, hilo halina mafunzo. Onyo ni moja: gogo la mnazi lililooza na lundo la samadi lililosahauliwa ndiyo nyumba ya mabuu ya chonga, yule mende mwenye pembe anayetoboa moyo wa mnazi. Ukiweka rundo lako la mboji karibu na minazi, ligeuze mara kwa mara, na buu jeupe nono ukilikuta mpe kuku.

Tukivuka kwenda bara kuna mgunga. Udongo wa chini ya mgunga mkubwa ni mzuri kwa sababu tatu kwa pamoja: mizizi yenye kuchukua nitrojeni hewani, vijani laini vinavyooza upesi, na mbuzi waliokuja kula makaka yake wakaacha samadi kama shukrani. Chota kikapu kimoja kimoja, tabaka la juu tu, uvae viatu vyenye soli nene kwa ajili ya miiba, na usikwangue mpaka mizizi ionekane. Migunga hii imekatwa vibaya. Mkaa uliopitia bandari ya Kismayo ulikuwa biashara kubwa kiasi kwamba Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku usafirishaji wa mkaa wa Somalia kwenda nje, kwa azimio namba 2036 la Februari 2012. Mti uliogeuzwa mkaa huangusha majani mara moja tu, siku ya kukatwa. Kwa hiyo mgunga uliosimama karibu na konde lako ulinde kwa sababu ya kilicho chini yake, ikiwa kivuli chake hakikutoshi.

Usiuchanganye mgunga na mathenge, ule mti wa miiba ambao Wasomali wanauita garanwaa. Nao una makaka, nao una vijani vidogo, na mgeni huchukulia ni ndugu. Mbegu zake hupita tumboni mwa mbuzi na kutoka hai, na zinaweza kuvumilia rundo la mboji lisilopata moto wa kutosha. Ukitumia takataka za chini yake bustanini unapanda kichaka. Kwa kejeli ya mambo, mathenge nao uliingizwa Bamburi mwaka 1973 kwa nia njema ya kufunika machimbo yale yale. Ulipokuja kupandwa sehemu nyingine za Kenya mambo yaliharibika, hata wakazi wa Baringo waliifungulia serikali kesi mwaka 2006 na kumfikisha mahakamani mbuzi aliyepoteza meno kwa kula makaka hayo. Majani ya mathenge yaache yalipo.

Na sasa mikoko. Kwenye vijito vya maji chumvi kuanzia Kismayo kupita Burgabo hadi Ras Kamboni, chini ya miti hakuna wa kufagia, na ninaomba pasiwe na wa kufagia kamwe. Lakini mvuvi anayepita humo na aangalie kinachotendeka, kwa sababu ndicho kinachomlisha.

Jani la mchu ni jembamba, na mgongoni lina rangi ya kijivu cheupe. Ligeuze asubuhi ya jua, ulilambe: ni chumvi tupu, maana mchu huitema chumvi kupitia majani. Likianguka linaoza kwa wiki chache. Jani la mkoko ni kubwa, nene, lenye vidoa vyeusi upande wa chini, na limejaa tanini, ndugu ya ile iliyomo kwenye maganda ya mkandaa yaliyokuwa yakisafirishwa ng'ambo kutengenezea ngozi. Hilo huchukua miezi. Simama kimya maji yakishatoka. Jani la manjano linadondoka topeni, na haichukui muda kaa anatoka tunduni, analishika kwa gando, analiburuta kinyumenyume mpaka mdomo wa tundu, analizungusha liingie kwa kikonyo, na linapotea. Huko chini huliacha lilainike, tanini ipungue, halafu hulila. Konokono wakubwa wa mikokoni nao huyavamia yaliyobaki juu ya tope. Vinyesi vyao na vipande vilivyobaki ndivyo chakula cha vidudu vidogo, vidudu ni chakula cha uduvi na kamba wadogo, na wewe unajua anayefuata. Watafiti wameyachunguza haya kwa miaka mingi katika ghuba ya Gazi, kusini ya Mombasa, na tangu 2013 wanakijiji wa huko, chini ya mradi wa Mikoko Pamoja, wanalipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko yao. Sehemu kubwa ya kaboni ya mikokoni imo topeni, na jani lililoburutwa na kaa ni sehemu ya akiba hiyo.

Kwa hiyo usizoe majani ya mikokoni kwa ajili ya bustani. Yana chumvi, yataua mchicha wako, na utakuwa umemnyang'anya kaa. Ukitaka kumsaidia mbuzi wakati wa kiangazi, kata matawi machache ya mchu yaliyo pembeni, ukihakikisha mbuzi ana maji ya kunywa karibu, na usikate mti ule ule mara mbili kwa msimu.

Tukirudi nyumbani, tutengeneze hilo rundo. Kuchimba shimo kwenye mwamba kwa mtaimbo ni kujitesa. Panga mawe ya matumbawe yaliyolegea, duara la upana wa mita moja hadi moja na nusu, kimo cha kiunoni, chini ya kivuli. Pungufu ya hapo rundo halipati joto. Chini weka vijiti vya kupitisha hewa. Kisha majani makavu yaliyovunjwa, mkungu na mwarobaini vikiwa vimechanganywa, kina cha shubiri moja. Juu yake ndipo kinakuja kile ulichokuwa ukikizibia pua: matumbo, vichwa na magamba ya samaki kutoka dikoni. Huo ndio utajiri wa nitrojeni ambao jani la manjano limeukosa, na kwetu hutupwa kila siku. Kikapu kimoja cha takataka za samaki kwa vitatu au vinne vya majani. Samadi ya mbuzi nayo inafaa. Masalia ya ng'onda yaliyokwisha kutiwa chumvi hayafai. Majani ya bahari yanayotupwa ufukweni yatafaa baadaye, yakishanyeshewa masika nzima na kuoshwa chumvi.

Kila safu ya samaki ifunikwe na safu ya majani yenye unene wa kutosha hadi usisikie harufu, na ya juu kabisa iwe shubiri mbili. Ukisikia harufu, dawa ni majani zaidi. Kisha funika lote kwa wavu mkuukuu na uuzuie kwa mawe pembeni. Wavu huzuia kaskazi isipeperushe, na huwanyima kunguru na paka sababu ya kukutembelea.

Maji je? Sitamwambia mtu anayenunua maji kwa dumu amwagilie takataka. Tumia maji ya udhu. Hayana sabuni, na msikiti wenye birika hutoa mengi kati ya alfajiri na isha. Ukielewana na wasimamizi, mfereji mfupi unaweza kuyapeleka kwenye rundo la mtaa mzima. Kipimo ni hiki: fumbata konzi ya majani kutoka katikati, ukamue. Matone mawili matatu yakitoka, inatosha. Yakichuruzika, ongeza makavu. Ukifungua kiganja na konzi ikamwagika mara moja, ongeza maji.

Ligeuze kila wiki mbili kwa uma au kijiti kirefu, kamwe si kwa mkono mtupu, kwa sababu nge na tandu nao wanapenda joto hilo. Na upande wa bara, kwenye viunga vilivyowahi kuwa na mapigano, rundo la majani la siku nyingi usilolijua usilichokonoe. Ukiona chuma, ondoka, zuia watoto, toa taarifa.

Kuna wanaorudi kwenye makonde yaliyolala tangu watu walipokimbia mwaka 1991 na baada yake. Mkono unawasha kufyeka na kuchoma, ndivyo tulivyofundishwa, na mwaka wa kwanza mahindi yatakuwa mazuri kweli. Ombi langu kwao: fyekeni, msichome. Chini ya kichaka hicho kuna majani ya miaka zaidi ya thelathini, na moto wa alasiri moja unayamaliza. Pangeni vijiti kwa mistari, pandeni kunde katikati yake, majani yabaki yalipo. Palizi itakuwa nzito zaidi msimu wa kwanza, siwafichi.

Rundo lililoanzishwa Desemba au Januari huwa tayari masika inapokaribia, kama halikukosa maji. Usilihukumu kwa rangi peke yake. Jaza kifuu kimoja mboji hiyo na kingine udongo wa kawaida, panda mbegu kumi za mchicha kila kimoja, nyunyizia sawa, weka barazani. Siku ya tano au ya sita hesabu. Zikiota sawa, beba mboji shambani, konzi mbili kila shimo. Zikiota chache au zikinyauka kwenye kifuu cha mboji, tanini au chumvi ingalimo. Rudisha wavu wako juu ya rundo, liache majuma matatu mengine, kisha upime tena.